Mkono wa Mama Moshi

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi na hao wanangu watatu wanaomjua shangazi yao kwa picha tu. Natumaini barua hii inawakuta wazima, kifua cha yule mdogo kimepona, na kazi ya zamu haikuchoshi kupita kiasi. Mimi nipo. Nilizoea kuandika kwamba sisi huku hatujambo, lakini tangu baba aondoke hiyo "sisi" imebaki mimi na paka, na paka naye siku hizi analala kwa jirani. Basi niseme mimi sijambo, mgongo tu unanisumbua kwa kuinama kwenye masufuria ya shule, na mvua imeanza kuvuja tena pale pembeni ya jikoni.

Barua yako niliipata Jumanne, nikiwa namenya viazi vya chakula cha mchana cha watoto. Niliifungua kwa furaha, nikaisoma, nikaikunja, nikamaliza viazi. Nyumbani nikaisoma tena mara mbili. Umenieleza kwamba mtakuja wakati wa likizo, na hilo limenifurahisha kweli, sitaki udhani vinginevyo. Umeniomba pia, kabla hamjafika, niende kwa Mama Moshi anifundishe yale maharagwe yake, ili wanao waonje chakula alichokipenda babu yao. Halafu ukaongeza maneno haya, nayanakili kama ulivyoyaandika: "Hujachelewa kujifunza, mdogo wangu. Laiti ungejifunza baba akiwa hai."

Kaka, nimeyameza mengi, na haya nimejaribu kuyameza, yamekataa kushuka. Kwa hiyo kaa chini. Kama wifi yuko karibu mwambie na yeye akae, sina siri naye.

Nianze na siku ile ya chumvi, maana naona wewe umeisahau. Tulikuwa tumetoka na baba hospitali, wewe umemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Daktari alikuwa ametuambia presha imepanda vibaya, moyo umetanuka, na kwamba chumvi kwa mzee huyu sasa ni sumu. Uliingia jikoni hata viatu hujavua. Ukachukua kopo la chumvi pale dirishani, ukatoka nalo uani, ukaimwaga yote kwenye mtaro mbele ya baba na mbele ya jirani yetu mshonaji, ukatangaza kwamba kuanzia siku ile chumvi haiingii tena nyumba hii. Mshonaji akakusifu kwamba mtoto wa kiume ana msimamo. Kesho yake asubuhi ulifunga mkoba wako ukapanda basi. Kopo nililiosha mimi, na baba aliyenuna nilibaki naye mimi.

Unamjua baba. Fundi mwashi miaka arobaini, chakula chake cha mchana amekila amekalia tofali, kimepikwa nje kwenye mafiga, moshi umeingia mpaka ndani ya punje za wali. Hata mama alipokuwa hai, baba alikuwa akimtania kwamba chakula cha ndani ya nyumba hakina hewa. Mama alikuwa akicheka, na angeachaje kucheka, wakati baada ya utani ule baba alikuwa akimaliza sahani na kuomba ukoko?

Mimi sikumpikia maji ya moto kama alivyokusimulia kwenye simu. Jiko ndiyo kazi yangu, napikia watoto mia tatu na ushee kila siku, na ndoo ya makombo huwa inarudi nyepesi. Chumvi ikiondoka kuna mambo mengine ya kufanya. Nilikuwa nakaanga kitunguu polepole mpaka kiwe cha rangi ya udongo, naponda kitunguu saumu na tangawizi, nyanya naziacha zikauke kabisa, na ndimu nakamua mwisho, sufuria ikiwa imeshaepuliwa. Nilikuwa najipikia na mimi hivyohivyo, na baada ya mwezi mmoja nikaona chakula cha watu wengine kinanikwaruza ulimi. Lakini baba alikuwa akiitazama sahani, mikono iko mapajani, anasema hakina chumvi. Nikimuuliza amejuaje na hajaonja, anajibu kwamba kopo si limemwagwa, kwani yeye kipofu? Anaisukuma sahani katikati ya meza. Wakati wa kufua nilikuwa nakuta vifurushi vya karatasi kwenye mfuko wa shati lake, ndani yake chumvi, vimekunjwa vizuri kama dawa. Nikawa nampekua baba yangu mzazi kila jioni kama askari wa gereza, na yeye ananyoosha mikono.

Akakonda. Halafu akaanza kutoka mchana na kurudi akiwa ameshiba. Wewe ulinipigia simu nikiwa nimesimama mbele ya sufuria ya uji wa watoto, mvuke unanipiga usoni, ukaniambia baba analalamika kwamba namlisha kama mgonjwa wa wodini, na kwamba siri ya chakula ni upendo, nipike kwa upendo. Siku hiyo nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri kumchemshia viazi ambavyo hakuvigusa. Nilikujibu sawa kaka.

Siku moja niliomba ruhusa kazini nikamfuata. Alipita nyuma ya maghala mpaka pale wanapojenga lile jengo la ghorofa, na huko ndiko nilikomwona Mama Moshi kwa mara ya kwanza. Kibanda chake ni nguzo nne na turubai, mioto mitatu nje, mabenchi ya mbao za kuezekea. Wanamwita hivyo kwa sababu ukifika humwoni, unamtafuta kwa kikohozi. Baba alikuwa amekaa katikati ya vijana wa ujenzi, anawafundisha jinsi ya kuchanganya zege, mbele yake sahani ya maharagwe yanayong'aa mafuta. Alikuwa anacheka. Tangu mama afariki sikuwa nimemwona akicheka namna ile, meno yote nje. Nilirudi nyumbani nikilia njiani, na sikuficha uso.

Nilikueleza, ukaniagiza nimzuie. Fimbo ya mbali haiui nyoka, kaka. Ningemfungia mlango gani mtu ambaye kila mlango wa nyumba hii aliutia yeye mwenyewe?

Jioni ileile nilirudi kwa Mama Moshi peke yangu. Tulizungumza mpaka akafunika moto wake wa mwisho. Tulichokubaliana nitakuambia mbele kidogo, nivumilie, nina sababu ya kukiweka huko.

Baada ya hapo unajua ilivyokuwa, kwa sababu baba alikuwa anakupigia mwenyewe. Mwili ulimrudi. Kliniki walimpima wakashangaa, presha ilikuwa imeshuka ikatulia, wakampima tena kwa kipimo kingine. Daktari akanigeukia akanipongeza kwamba nimemtunza mzee vizuri. Baba akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia daktari asinipe sifa za bure, yeye anakula kibandani kwa mama mmoja mwenye mkono wa kupika, kwangu analala tu. Daktari alinitazama kwa mshangao, mimi nikatazama kile kibao chao cha kupimia macho. Nilisoma herufi zote mpaka mstari wa chini.

Miaka miwili na miezi mitatu niliishi na mkono wa Mama Moshi. Mshonaji alikuwa ananiuliza juu ya ukuta kwa nini nisiende kujifunza. Shangazi alisema mwanamke ambaye baba yake anakula barabarani atapata wapi mume. Baba alikuwa akirudi saa nane, anavua kofia, anakaa pale barazani na kunihadithia chakula alichokula, kitunguu kilivyokuwa, ndimu ilivyokuja nyuma ya ulimi, kila kitu kwa zamu yake. Ananihadithia kwa upole kabisa, kaka. Alidhani ananifundisha.

Halafu akafa, ukaja, tukamzika. Siku ya nne ya msiba, uani pamejaa watu, uliingia jikoni ukatoka na sufuria ya mama. Ile nzito yenye mfuniko wa kishikio cha waya, iliyobonyea upande mmoja siku ulipoiangusha wewe ukiwa darasa la pili na mimi nikapigwa. Ulimwita Mama Moshi mbele, ukampa kwa mikono miwili, ukasema: "Huyu ndiye aliyemlisha baba yetu. Sisi watoto tulishindwa." Ulisema sisi, lakini macho yako yalikuwa kwangu, na ya watu wote yakafuata. Mama Moshi alinitazama. Nilimtikisia kichwa asiseme kitu. Akapokea akilia, watu wakadhani analia kwa heshima aliyopewa.

Sasa nakuambia tulichokubaliana.

Tangu jioni ile Mama Moshi hakumpikia tena baba yetu, isipokuwa siku nitakazokutajia. Chakula kile kilikuwa changu. Kila asubuhi niliamka saa kumi, nikapika uani kwenye mkaa ili moshi uingie, nikajaza lile hotipoti la kijani ambalo wewe uliniuliza mbona limepasuka mfuniko, nikalipitisha kibandani nikielekea shuleni. Mchana baba akifika, Mama Moshi anageuka nyuma ya moto wake, anapakua cha baba kutoka hotipoti langu kwenye sahani zilezile za bati za kila mtu, anamletea. Maharagwe yaleyale ambayo mezani aliyasukuma bila kuonja, pale aliyamaliza na kufuta sahani kwa kidole. Hayakuwa na hata punje ya chumvi. Usifikiri ninatia chumvi sasa. Moyo wake ulitulia miaka miwili kwa sababu hiyo, si kwa muujiza wa turubai. Mama Moshi alikuwa akiniambia inamuuma kupokea sifa ambazo si zake, mara mbili alitaka kumwambia mzee ukweli. Mimi ndiye niliyemwapisha. Nilijua baba akijua tu kimetoka kwangu, kesho yake atasema hakina chumvi.

Na wewe, chakula ulichokula pale wiki ya msiba, ukarudi ukijilamba, ukaniambia sasa umeelewa kwa nini mzee alikuwa anakimbia nyumbani, kile ndicho cha Mama Moshi mwenyewe, cha sufuria ya wote, chenye chumvi yake na mafuta yake. Baba alikuwa amekiacha muda mrefu. Kwa hiyo hujawahi kuonja unachoniomba nikajifunze.

Ningeweza kuishia hapa na ningekuwa nimeshinda. Ukweli hauishii hapa, na hili la pili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama Moshi analijua nusu.

Mwezi ule wa mwisho, mkuu wa shule aliniita ofisini akanifanya mpishi mkuu. Miaka kumi na moja nimeisubiri nafasi hiyo. Nilirudi mbio mbio kama mtoto aliyefaulu mtihani, nikamkuta baba barazani na mshonaji, nikawaambia. Baba alifikiri kidogo, akasema: "Watoto wa shule hawana pa kukimbilia." Mshonaji alicheka mpaka akashika ukuta. Baba naye akafurahi kwamba utani wake umeingia. Hakuwa na ubaya wowote, alikuwa na mzaha tu, na mimi nilisimama pale na mkoba wangu begani, nikahisi kitu kinajifunga ndani yangu kama bomba la maji.

Kesho yake sikuamka saa kumi. Nilipita kibandani mikono mitupu, nikamwambia Mama Moshi sijisikii vizuri, ampe baba cha kwake kwa siku chache. Aliniuliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba mzee anataka mkono wake, basi apewe mkono wake.

Zilikuwa siku tisa. Siku ya kwanza baba alirudi amekunja uso, akasema Mama Moshi leo kakosea, kamwaga chumvi, ulimi unamuwaka. Siku ya pili hivyohivyo. Siku ya tatu akasema yule mama mkono umemharibika, labda ana matatizo nyumbani kwake. Lakini unajua ubishi wake. Kula kwangu hataki, kwa hiyo alikwenda, akala nusu, akanywa maji mengi, akarudi. Nami nilikuwa namsikiliza, na Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahi. Kila akilalamika nilikuwa nasema moyoni, haya, kula.

Siku ya saba niliona soksi zimemchora miguuni. Siku ya nane viatu havikuingia, akavaa ndala. Mwenye macho haambiwi tazama, kaka, na mimi nimefundishwa na daktari yuleyule aliyekufundisha wewe, miguu ikivimba maana yake nini. Niliona. Nikajiambia nitampikia kesho. Kesho ikafika nikajiambia tena.

Siku ya kumi ilikuwa Jumapili na alishindwa kutoka. Alikaa jikoni, pumzi fupi fupi, akaniangalia nikimenya vitunguu. Nilimwambia kesho asubuhi na mapema tunakwenda hospitali, akakubali bila ubishi, na hilo ndilo lililonitisha. Maharagwe nilikuwa nimeyaloweka tangu jana yake. Niliyapika nje kwenye mkaa kama siku zote, yeye akasinzia kwenye kiti, nikamwamsha nikamwekea mbele. Nilisubiri aisukume sahani. Hakuisukuma. Alikula kijiko kimoja, akafumba macho, akala cha pili, akamaliza yote, akafuta sahani kwa kidole mbele yangu, kwenye meza yangu, kwa mara ya kwanza tangu ulipomwaga kopo. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, siwezi hata kukaa. Nikasema moyoni, sasa amejua.

Akanitazama kwa macho mazuri kabisa, akasema: "Leo umefanya la maana, mwanangu. Umekwenda kuninunulia kwa Mama Moshi. Na mkono wake umemrudia."

Nikamwambia, "Ndiyo, baba."

Alifariki alfajiri ya Jumatatu, kabla hatujatoka. Kama ni zile siku tisa zilizomuua au siku zake zilikuwa zimefika, daktari hakusema na mimi sikuthubutu kumuuliza. Nalala nalo, naamka nalo. Wewe umeniandikia kwamba sikumpikia baba. Nilimpikia miaka miwili na miezi mitatu, nikaacha siku tisa kwa hasira ya neno moja, na hizo tisa ndizo zinazonilaumu, si wewe. Wewe huna haki hiyo. Ile methali ya asante ya punda sitaitamka juu ya marehemu, lakini juu yako nimekaribia sana.

Sasa kuhusu kuja kwenu. Sufuria ya mama iko kwa Mama Moshi. Jioni ya siku uliyoondoka aliniletea, ameifunika kwa kitambaa, hajaipikia kitu. Nilimrudisha nayo. Nilimwambia aliyeitoa si yeye, basi si yeye wa kuirudisha. Ameitundika kwenye nguzo ya kibanda, na mpaka leo haijaona moto. Mkifika, pita kule kwanza. Kaiombe kwa mdomo uleule ulioitoa, mchana, watu wakiwa wamejaa, na mchukue mshonaji akusikie. Uwaambie nani aliyemlisha baba. Zile siku tisa usizitaje, hizo ni zangu, nitazisema mwenyewe nikiweza.

Ukija nayo, nitawapikia maharagwe ya babu yao humo, uani, kwenye mkaa, bila chumvi. Ukija mikono mitupu nitakupokea, wewe ni ndugu yangu na nyumba ni ya baba. Vitanda nitatandika, maji ya kuoga nitawachemshia. Lakini chakula mtakwenda kula kibandani.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, umwambie yule mdogo kwamba shangazi amemfumia sweta. Mwombe na Mungu atuweke mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
niliyempikia baba.